BATA MGENI ATOKAYE NG'AMBO YA BAHARI: NAMNA YA KUMTAMBUA

Wandugu wa vijiji vya Lualaba, kutoka Bukama mpaka Kikondja, na ninyi wa Luena, inchi ya makaa ya mawe, somo hili ni habari ya ndege. Labda mtu atauliza: «Monitere wa kilimo ana kazi gani na ndege wa ziwani? Yeye afundishe muhogo, mahindi na michikichi.» Jibu ni hili. Ndege wa maji anakula pale mnapovua samaki. Anashuka usiku katika mashamba ya bondeni. Analala karibu na kuku na bata mnaofuga. Tena nyama yake inauzwa sokoni kwa watu wa migodi. Kwa hiyo mambo yake yanagusa chakula chenu, afya yenu na feza zenu. Basi sikieni vizuri.

1. Maneno «bata wa bahari»

Mtu akiona bata asiyemjua, mara nyingi husema: «Huyu ni bata wa bahari.» Maneno hayo yana ukweli nusu tu.

Mabata wa bahari wa kweli wapo, lakini makao yao ni bahari za baridi za kaskazini. Mmoja wao ni yule aitwaye eider. Ni bata mkubwa, uzito wake hufika kilo 2. Huzama mpaka chini ya maji ya chumvi kutafuta kome na kaa. Katika inchi ya Aisilandi wakulima hulinda viota vyake, wala hawamuui. Jike hujing'oa manyoya mororo ya kifuani na kuyatandika chini ya mayai. Wakulima hukusanya manyoya hayo na kuyauza, nayo hutiwa katika mablanketi ya bei kubwa. Hivyo bata aliye hai huwapa mali kila mwaka. Angeuawa, wangekula mara moja tu.

Bata yule hafiki kwetu. Hapa hakuna maji ya chumvi, wala kome wa bahari, wala baridi aipendayo. Lakini yuko bata mwingine, mdogo sana, anayevuka bahari mwaka kwa mwaka ili kuja katika maziwa ya Afrika. Yeye si mkaaji wa bahari, ni msafiri aliyeivuka tu. Ndiye tunayetaka kumfundisha katika somo hili.

2. Yeye ni nani, na anatoka wapi?

Wafaransa na Wabelgiji humwita sarcelle d'été, maana yake sarcelle wa kiangazi, kwa sababu kule Ulaya wanamwona wakati wa joto tu. Sisi tutamwita sarseli. Wenye elimu ya ndege wamempa jina la Kilatini, Spatula querquedula.

Sarseli huzaliwa Ulaya na Asia, tangu Ufaransa na Ubelgiji mpaka Urusi na mbele zaidi. Huko jike hutengeneza kiota chini, katikati ya majani marefu karibu na maji. Hutaga mayai 8 au 9, huyaatamia siku 21 mpaka 23. Watoto wakisha kukua, na baridi ikianza kukaribia, wote hufunga safari. Mabata wengine wa Ulaya wako wanaobaki kule wakati wa baridi, au wanaosogea mbali kidogo tu. Sarseli habaki. Karibu wote huondoka kabisa na kwenda inchi za joto.

Tazameni njia yake. Huvuka bahari ya Mediterania. Kisha huvuka jangwa la Sahara, zaidi ya kilometa 1,500 za mchanga na mawe, karibu bila maji. Wengi sana hutua katika mito na maziwa ya upande ule wa kusini wa jangwa: Senegali, Niger, ziwa Chad, na inchi ya Sudani. Wachache huendelea mbele, huvuka mstari wa Ikweta, wakafika Kenya, Tanzania, Zambia na inchi yetu ya Kongo. Ndiyo sababu kwetu yeye ni mgeni wa nadra. Mvuvi anaweza kukaa miaka bila kumwona, ao kumwona bila kumtambua.

Kutoka Brussels mpaka Bukama, kwa mstari ulionyoka, ni karibu kilometa 7,000. Ni zaidi ya mara 20 ya mwendo wa ndege kutoka Bukama mpaka Lubumbashi. Na mwenye kusafiri hivyo ni ndege asiyetimiza nusu kilo.

Hufika Afrika kati ya mwezi wa 9 na wa 11. Hurudi kwao kuanzia mwezi wa 2 mpaka wa 4. Basi majira yake kwetu ni majira ya mvua. Katika kipwa, mwezi wa 6 au wa 7, hayuko hapa; bata mdogo unayemwona wakati ule ni mwenyeji.

3. Namna ya kumtambua

Msitazame jambo moja tu. Tazameni mambo matano pamoja.

Jambo la kwanza: ukubwa. Sarseli ni mdogo. Tangu ncha ya mdomo mpaka mkia hupata sentimeta 37 mpaka 41. Uzito wake ni karibu gramu 300 mpaka 450.

Jambo la pili: mdomo na miguu. Mdomo wake ni wa rangi ya majivu yenye giza, bila nyekundu, bila manjano, bila buluu. Miguu nayo ni ya majivu. Jambo hili lishikeni sana, maana litawasaidia kuliko mengine.

Jambo la tatu: uso. Jike ana rangi ya udongo yenye madoadoa, kama majani makavu. Lakini usoni ana mistari. Juu ya jicho kuna mstari mweupe-mweupe kama nyusi. Mstari mweusi hupita katika jicho. Karibu na mdomo kuna doa jeupe, na chini yake mstari mwingine wenye giza hupita shavuni. Uso wake unaonekana kama umechorwa kwa mkaa.

Dume, akivaa mavazi yake mazuri, hawezi kukosewa. Kichwa chake ni cha rangi ya kahawia yenye wekundu, na mstari mweupe mpana hutoka juu ya jicho, hupinda na kushuka mpaka kisogoni, kama mwezi mwandamo. Kifua ni kahawia, ubavu ni kijivu, na mgongoni yananing'inia manyoya marefu yenye mistari meusi na meupe.

Lakini angalieni: dume hafiki hapa na mavazi hayo. Kule kwao, baada ya majira ya mayai, huyavua, akafanana na jike. Hukaa hivyo muda mrefu. Mavazi mazuri humrudia karibu na mwanzo wa mwaka, kabla ya kurudi kwao. Basi mwenye kumtafuta dume wa mstari mweupe katika mwezi wa 10 atasema, «Hawapo,» na kumbe wako mbele ya macho yake. Katika mwezi wa 10 na wa 11 tafuteni uso wenye mistari. Katika mwezi wa 2 na wa 3 tafuteni mwezi mwandamo.

Jambo la nne: bawa. Akiruka, dume huonyesha upande wa mbele wa bawa wenye rangi ya majivu meupe yaliyochanganyika na buluu, nao hung'aa juani. Hata akiwa amevaa kama jike, bawa lake halibadiliki rangi. Nyuma ya bawa kuna kipande cha kijani katikati ya mistari miwili myeupe. Jike naye ana mistari ile miwili, lakini bawa lake limefifia.

Jambo la tano: sauti na mwenendo. Sauti ya dume ni kavu, inakwaruza, kama mtoto anayepitisha ukucha juu ya meno ya kitana. Jike hulia kwa kifupi tu. Sarseli hazami kabisa kama mnandi. Huelea, hutia mdomo majini, huchuja wadudu, konokono wadogo na mbegu. Akiogopa, huruka mara moja juu bila kukimbia juu ya maji. Hupenda maji mafupi yenye majani, na pembe za ziwa zilizofichwa na matete na mafunjo. Maziwa yetu Upemba na Kisale yana maji mafupi ya namna hiyo. Kwa hiyo yanamfaa.

4. Wenyeji wanaofanana naye

Wengi humkosea kwa sababu maziwa yetu yana mabata wengi wadogo. Wapimeni kwa mdomo na kwa uso.

Bata mwenye mdomo mwekundu, utosi mweusi na mashavu meupe ni mwenyeji. Ni mkubwa kidogo kuliko sarseli.

Bata mdogo sana mwenye mdomo wa buluu ubavuni, utosi mweusi, na doa jeusi katika shavu, ni mwenyeji. Huyu ni mdogo kuliko sarseli, na watu wengi huwachanganya hawa wawili. Ukiona buluu katika mdomo, si sarseli.

Bata mwenye mdomo wa manjano wenye kipande cheusi juu yake ni mwenyeji, tena ni mkubwa.

Bata mwenye uso mweupe na kisogo cheusi, asimamaye wima kama askari, na kupiga filimbi akiruka usiku, ni mwenyeji. Mabawa yake ni meusi yote, hayana mstari mweupe.

Bata mdogo kupita wote, mwenye ubavu wa rangi ya machungwa, tumbo jeupe na mgongo wa kijani, akaaye katikati ya mayungiyungi na kula mbegu zake, ni mwenyeji.

Wako pia wageni wengine wa Ulaya wanaoweza kufuatana na sarseli. Mmoja ana shingo ndefu na mkia uliochongoka kama sindano. Mwingine ana mdomo mpana kama kijiko. Hawa hamtawakosea.

5. Pete katika mguu

Siku nyingine mtu hukamata bata, akaona pete nyepesi ya chuma cheupe mguuni, yenye namba na maneno. Watu wengine huogopa, husema ni uchawi ao alama ya wapelelezi. Wengine huifanya dawa na kuwafungia watoto shingoni. Yote mawili si kweli.

Pete ile ni ya aluminiyo, haina bei. Desturi hii ilianzishwa mwaka 1899 na mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen. Alitia pete zenye namba katika miguu ya ndege, akawaachilia, ili mtu atakayempata ndege mahali pengine apeleke habari. Kwa kazi hiyo watu walianza kujua njia za ndege, miaka wanayoishi, na pahali wanapofia. Sasa inchi nyingi zinafanya kazi ile. Juu ya pete huandikwa jina la mji wa wenye kazi, kama Paris, Bruxelles ao Moskwa, pamoja na namba yake.

Ukimpata bata wa pete akiwa hai, soma namba, iandike na umwache aende. Ukimpata amekufa, usimshike kwa mkono mtupu. Mfuate mwalimu ao mlinzi wa mbuga, mwandike pamoja namba, tarehe na jina la pahali. Barua hiyo ndogo itawaambia watu wa mbali kwamba ndege wao alifika Lualaba. Pasipo habari hiyo, hawatajua kwamba maziwa yetu yana kazi katika maisha yake.

6. Hesabu ya nyama

Sasa tusemane wazi. Mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa atazame ndege tu. Tufanye hesabu.

Sarseli mmoja ana gramu 400. Ukitoa manyoya, matumbo na mifupa, hubaki nyama ya watu wawili kwa bukari moja. Dume mmoja wa bata mkubwa wa nyumbani, yule mwenye uso mwekundu, hufika kilo 4, yaani uzito wa sarseli kumi. Tena yeye hahitaji risasi, wala mtego, wala usiku mzima katika mbu. Anakula wadudu, majani na makombo. Mwenye majike matatu na dume mmoja ana duka la nyama nyumbani kwake.

Hesabu ya pili ni hii. Jike wa sarseli akiuawa hapa katika mwezi wa 3, amekufa akiwa karibu kurudi kutaga. Mayai 8 ao 9 yamekufa pamoja naye. Na huko Ulaya ya magharibi sarseli wamekwisha kupungua, kwa sababu mabonde ya majani walimotaga yalikaushwa yakawa mashamba. Wao wanawaharibia kiota; sisi tusiwaharibie pahali pa kulala. Ndege huyu ana nyumba mbili, na moja ikibomoka, ya pili haimsaidii.

Sheria nayo ipo. Mbuga ya Upemba iliwekwa mwaka 1939, na ndani yake uwindaji ni marufuku. Inje ya mbuga, sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inataka mwindaji awe na ruhusa.

7. Sumu na ugonjwa

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo.

Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, upande wa magharibi wa Kenya, watu walichukua dawa ya wadudu iitwayo Furadan, wakaitia katika konokono na katika mpunga ili kuwaua ndege wa maji, kisha wakauza nyama. Dawa ile ni sumu kali. Inaua ndege, inaua mbwa, inaua samaki, na inaweza kumuua mtu. Kupika hakutoshi kuiondoa. Mfanyakazi wa mgodi akinunua bata sokoni, hajui alikufa kwa mtego ao kwa sumu. Mwenye kumuuzia nyama ya sumu amemtega ndugu yake. Jambo hili lisiingie katika inchi ya Bukama hata siku moja.

Tena kuna homa ya mafua ya ndege. Mwaka 2017 ugonjwa huu, wa namna iitwayo H5N8, uliua kuku na mabata katika Ituri, kando ya ziwa Albert, katika inchi yetu wenyewe. Ndege wa maji anaweza kuchukua ugonjwa huo bila kuonekana mgonjwa, akauacha katika maji pamoja na mavi yake. Bata wa nyumbani akinywa maji yale, huuleta kijijini. Na kuku wakiupata, hufa wengi kwa siku chache.

Msiseme, «Basi tuwaue wageni wote.» Hiyo si dawa. Ukiwapiga risasi, wanatawanyika katika vijiji vyote, na mwenye kuwachuna ndiye wa kwanza kujitia hatarini. Dawa ni kuwatenga wafugwa na wa porini.

8. Mambo ya kushika

Kwanza: wape mabata wa nyumbani maji katika chombo, ndani ya ua. Wasishinde ziwani pamoja na wa porini.

Pili: usile wala kuuza ndege uliyemkuta amekufa, hata akiwa na joto bado.

Tatu: ukiona ndege wengi wamekufa pamoja, kandokando ya maji ao katika banda, watoto wasiwakaribie. Mwambie mkubwa wa kijiji, naye awaite watu wa mifugo. Ukiamriwa kuwazika, funika mikono yako, chimba shimo refu, tia majivu ao chokaa, kisha oga na sabuni.

Nne: usitie sumu katika maji wala katika chambo, iwe ya dukani ao ya majani ya porini. Sumu haichagui, huua na mayai ya samaki wa mwaka ujao.

Tano: usichome mafunjo na matete yote kwa mara moja. Ndani yake samaki hutaga, na ndege hulala.

Sita: fundisha watoto mambo matano ya kumtambua sarseli. Mtoto anayejua kutazama mdomo, uso na bawa atajua pia kutazama jani la muhogo lenye ugonjwa na kuku aliyeanza kulemewa. Macho yaliyozoea kupambanua ni mali ya mkulima.

9. Maulizo

Msomaji mmoja asome maulizo haya, na wengine wajibu bila kutazama kitabu.

Kwa nini sarseli si bata wa bahari, ijapokuwa anavuka bahari?
Mdomo wake ni wa rangi gani? Na mdomo wa yule mdogo anayemfanana ni wa rangi gani?
Kwa nini katika mwezi wa 10 huwezi kumwona dume mwenye mstari mweupe?
Ukipata pete mguuni pa bata, utafanya nini?
Sarseli wangapi wana uzito sawa na dume mmoja wa bata wa nyumbani?
Ukiwakuta ndege kumi wamekufa kando ya ziwa, utamwambia nani, na utawakataza nini watoto wako?

Asiyeweza kujibu swali la mwisho alisome somo tena kabla mvua hazijaanza, maana wageni wanakuja pamoja nazo.